Pikipiki za wazee wetu: kuzitengeneza ao kuzipeleka ku mitraye?

Katika malupango mingi ya site zetu, kutoka Kipushi mpaka Kolwezi, kuna kitu kinasimama nyuma ya jiko, kimefunikwa na bashi ya zamani. Kuku wanalala juu yake. Ukiinua ile bashi unakuta Yamaha ya mzee: DT 125, ao AG 100 ile ya mapadri na ya watu wa kilimo, mara moja moja hata RD. Matairi yamepasuka, tangi imeliwa na kutu, lakini mwenyewe hakubali mtu aiguse.

Moja ya hizo tuliiona Likasi. Mwenyewe ni mzee retrete, aliyefanya kazi miaka mingi mu shimo. Mtoto wake ni wewa, anabeba watu na pikipiki ya Wahindi, na kila juma anarudilia maneno yaleyale: «Papa, tuuzishe hii chuma ku mitraye, banalipa ku kilo.» Mama ya nyumba anaomba tu nafasi ya kuweka magunia ya makala. Mzee naye anatuonyesha usukani kama mtu anayeonyesha farasi wake. «Hii moto ilikuwa inatoka Likasi, saa moja tu niko Lubumbashi. Batoto ba leo habawezi kujua.»

Sisi tulifanya hesabu kimya kimya. Likasi mpaka Lubumbashi ni kilomita karibu 120. DT 125 ya zamani, na mzigo mwepesi na barabara nzuri, inafika kilomita 100 hivi kwa saa, si zaidi sana. Kumbe saa moja haiwezekani. Pikipiki ya mtoto, ile anayoichekelea mzee, haiachwi mbali.

Lakini mzee hasemi uongo. Ile kasi aliisikia kweli. Mtambo wa DT ni wa mapigo mawili: mafuta yanawaka kila mara mtambo unapozunguka, wakati pikipiki za leo za mapigo manne zinawasha mara moja kwa mizunguko miwili. Hakuna valvu, vyuma ni vichache, mtambo ni mwepesi. Unafungua gesi, hakuna kitu, hakuna kitu, halafu ghafula inakuvuta mikono. RD 350 ya mwaka wa 1973 ilitoa nguvu za farasi 39 na mtambo mudogo wa sentimita kubiki 347. Kwa siku zile ilikuwa ajabu. Ongeza ule moshi wa buluu, ile sauti kama mashini ya kushona iliyokasirika, na miaka 25 ya umri wa mwenye kuiendesha. Nani angesahau?

Sasa, inastahili kutengenezwa? Tuliuliza mafundi, na jibu lao si lile la mtoto wala lile la mzee.

Kitu cha kwanza, msiamini mtambo unaozunguka vizuri ukiupiga teke. Pikipiki iliyolala miaka kumi, mipira inayofunga pande mbili za ekseli ya mtambo imekauka. Ikikauka, hewa inaingia mahali haipaswi kuingia. Mafuta yanakuwa machache, joto linapanda, pistoni inashikana na silinda. Wengi wanaiwasha, wanafurahi, wanazunguka katika avenue mara mbili, siku ya tatu mtambo umekufa. Halafu wanasema pikipiki ilikuwa imelogwa! Kubadilisha ile mipira inaomba kufungua mtambo wote, na ni hapo feza inaanza kutoka.

Silinda ni habari njema zaidi. Ndani yake ni chuma cha kuchongwa: ikilika, turneri anaipanua kidogo, na unaweka pistoni kubwa kidogo, hatua kwa hatua za robo ya milimita. Lakini hatua zina mwisho. Katika miji yetu turneri wazuri hatukosi. Wazee waliojifunza kazi mu ateliye za kampuni, wengine wangali na mkono usiotetemeka, na wanafurahi kuona silinda ya DT kuliko kuchonga kila siku bulo za lori.

Mafuta nayo. AG na DT nyingi ziko na pompe inayochanganya oili yenyewe. Yamaha walianza mfumo huo katika miaka ya 1960. Kama pompe imekufa, watu wanachanganya kwa mkono, na hapo kuna wanaotia oili ya lori. Oili ile inaacha masizi mengi mu bomba, na mtambo unakosa pumzi. Ni vizuri kutafuta oili yenyewe ya mapigo mawili, hata ikiwa bei ni kali.

Mambo mengine tunayapita mbio: kadri isiwe na ufa karibu na usukani, na karti roze iwe inapatikana.

Kwa kufanya kazi ya wewa, hapana. Tunasema wazi. Taa ya volti sita haionyeshi shimo la barabara, breki za ngoma ni za wakati ambapo lori hazikuwa nyingi hivi, na usiku kati ya Likasi na Kolwezi, nyuma ya semi-remorki zinazobeba shaba, mtu hawezi kucheza na vile vitu. Feza ya kazi ilindwe na pikipiki ya mtoto. Ile ya mzee ni ya siku ya Mungu, kwenda misa na kurudi, kidogo kidogo.

Mzee wa Likasi alipeleka silinda yake kwa turneri. Ilikwisha kupanuliwa mara tatu; imebaki hatua moja. Mtoto alisema hiyo ni feza ya kutupa. Mama ndiye aliyekata maneno: minerval ya wajukuu isiguswe, franga hata moja, kama mzee anataka pistoni auzishe kuku zake.

Siku tulipopita tena, bashi ilikuwa imetolewa, mtambo uko vipande vipande juu ya meza, na kuku walibaki wawili.