Mbari, Kabila na Asili: Tafsiri ya Majedwali ya Sensa ya Kaunti ya Cook

Majedwali ya idadi ya watu huonekana kuwa kazi nyepesi kwa mfasiri. Tarakimu hazifasiriwi, na maneno yenyewe ni machache. Lakini ni katika maneno hayo machache ndipo tafsiri nyingi huharibika, hasa jedwali linapohusu nchi inayowagawa watu wake kwa namna isiyolingana na yetu. Makala haya yanachukua mfano mmoja, Kaunti ya Cook katika jimbo la Illinois, nchini Marekani, ili kuonyesha jinsi maneno mbari, kabila, rangi na asili yanavyopaswa kutengwa.

Kaunti ya Cook ndiyo yenye sehemu kubwa kabisa ya mji wa Chicago. Illinois ni mojawapo ya majimbo 12 ambayo Ofisi ya Sensa ya Marekani huyaweka pamoja kwa jina la Magharibi ya Kati. Jina hilo lisimshangaze msomaji anayetazama ramani na kuona kwamba Ohio, ambalo ni mojawapo ya majimbo hayo, liko karibu zaidi na Atlantiki kuliko Pasifiki. Limebaki tangu zama ambazo walowezi walikuwa bado wakisogea kutoka pwani ya mashariki. Ama kuhusu neno kaunti, zamani tungaliweza kusema wilaya bila shida. Tangu Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilipounda kaunti 47, neno hilo limekwisha kuzoeleka, na hapana haja ya kulikwepa.

Sensa ya mwaka 2000 ilihesabu watu 5,376,741 katika kaunti hiyo. Jedwali la sensa hiyo lilisema kwamba asilimia 56.27 walikuwa Weupe, 26.14 Weusi au Wamarekani wenye asili ya Afrika, 4.84 wenye asili ya Asia, 0.29 wenyeji wa asili wa Marekani, 0.05 watu wa visiwa vya Pasifiki, 9.88 watu wa mafungu mengine, na 2.53 watu waliojiandikisha katika mafungu mawili au zaidi. Msomaji akijumlisha mafungu hayo saba atapata 100 kamili. Kisha, chini yake, jedwali laongeza kwamba asilimia 19.93 walikuwa Walatino.

Mfasiri asiyejua utaratibu wa fomu hiyo atawaandika Walatino kuwa fungu la nane, naye atakuwa ameipa Kaunti ya Cook asilimia 119.93 ya watu wake. Tarakimu hazikukosewa mahali po pote. Kilichokosewa ni neno. Fomu ya mwaka 2000 ilikuwa na maswali mawili mbalimbali. Swali moja liliuliza kile ambacho Kiingereza huita “race”, na jingine liliuliza kile ambacho serikali ya nchi hiyo iliamua kukiita “ethnicity”. Swali hili la pili lilikuwa na majibu mawili tu: ama mtu ni Mlatino au si Mlatino. Mtu aliyezaliwa Meksiko au Kuba, au ambaye wazazi wake walitoka huko, alijibu ndiyo katika swali hilo, kisha akachagua fungu lake katika swali lingine: Mweupe, Mweusi au jinginelo. Walatino, kwa hiyo, wamekwisha kuhesabiwa ndani ya yale mafungu saba. Katika Marekani nzima, walio wengi mno katika fungu la “mengine” mwaka huo walikuwa Walatino ambao hawakujiona katika majina yaliyochapishwa.

Sasa tukifasiri maneno yote mawili kwa neno kabila, kama wengi wafanyavyo, tumeifuta tofauti iliyobeba jedwali zima. Tukifasiri la kwanza kwa rangi na la pili kwa kabila, tumepata nafuu kidogo, lakini hatujafika. Kwetu kabila ni Wanyamwezi, Wagogo, Wakamba, Wabembe. Ulatino si kabila kwa maana hiyo. Unawakusanya watu wa nchi zaidi ya kumi na tano na wa lugha nyingi za nyumbani.

Kuna sababu nyingine ya kulihifadhi neno kabila, nayo inaonekana vizuri katika jimbo jirani la Wisconsin. Huko iko Kaunti ya Menominee, iliyoundwa mwaka 1961 serikali ya Marekani ilipoacha kuwatambua Wamenominee kuwa kabila kisheria. Bunge la nchi hiyo liliwarudishia hadhi yao mwaka 1973. Sensa ya mwaka 2000 ilihesabu huko watu 4,562, na asilimia 87.26 walikuwa wenyeji wa asili. Hapa kabila ni chombo cha kisheria, chenye uongozi wake na daftari lake la wanachama. Mtu aweza kujiandikisha katika sensa kuwa mwenyeji wa asili bila kuwamo katika daftari hilo. Tukilitumia neno kabila kwa kila kitu, kwa Wamenominee hatutabakiwa na neno. Kadhalika, ni vema kuliacha kabisa jina “Wahindi Wekundu”, kwani watu hao hawana uhusiano na Bara Hindi wala rangi yao si nyekundu.

Kwa dhana ya kwanza, pendekezo letu ni mbari. Tunajua kwamba kamusi zinalieleza neno hilo kwa maana ya ukoo, na kwamba usemi “mauaji ya kimbari”, uliozoeleka baada ya maafa ya Rwanda ya mwaka 1994, umelivuta upande mwingine kidogo. Hata hivyo lina faida moja ambayo rangi haina: halimlazimishi msomaji kutazama ngozi. Rangi ibaki pale ilipokwisha kukaa imara, yaani katika “ubaguzi wa rangi”. Kwa dhana ya pili, maadamu fomu inauliza chimbuko la utamaduni na si damu, tunapendekeza asili ya kiutamaduni. Na pale ambapo sensa huuliza kama mababu wa mtu walikuwa Wapolandi, Waayalandi au Wajerumani, watu ambao Chicago inao kwa wingi, neno nasaba linatosha.

Majina ya mafungu nayo yana mitego yake. Mtego mkubwa ni neno Wazungu. Kwa kanuni zilizotolewa mwaka 1997, fungu la Weupe liliwachukua watu wenye asili ya Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini. Mmisri, Mlebanoni, hata Mzanzibari mwenye wazee wa Omani anayekaa Chicago, wote waliweza kuingia humo. Mfasiri akiandika Wazungu amemfanya Mwarabu wa Maskati kuwa Mzungu, jambo ambalo hakuna msemaji wa Kiswahili atakalolikubali. Waandikwe Weupe. Vile vile neno Waasia, ambalo kwetu huwaendea watu wa India na Pakistani, katika jedwali la Cook linawachukua pia Wachina, Wafilipino na Wakorea. Neno Wahispania nalo lisitumike kwa Walatino, kwani Wahispania ni watu wa Hispania. Na mpiga chapa aangalie irabu ya mwisho, asije akawageuza Walatino kuwa Walatini wa Roma ya kale.

Waliojiandikisha katika mbari mbili au zaidi waandikwe hivyo hivyo, ijapokuwa ni maneno mengi. Neno suriama ni fupi, lakini limetokana na suria, na hatuoni sababu ya kumtukana mtu kwa ajili ya kuokoa nafasi katika safu.

Huenda mtumishi wa serikali akauliza, haya yote yatufaa nini? Tanzania yenyewe haijauliza kabila katika sensa tangu ile ya mwaka 1967. Lakini wasemaji wa Kiswahili hivi leo wanahesabiwa kwingine. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 2020, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha 59 ambazo zilitolewa mwongozo wa kujaza fomu, na katika miji ya Magharibi ya Kati wamo wakimbizi wengi kutoka Kongo ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya mawasiliano. Mama wa Kibembe akiulizwa “Kabila lako ni gani?” atajibu Mbembe, naye atakuwa amejibu sawasawa. Ila fomu haikuuliza hivyo. Na hesabu hizi si za kupamba vitabu. Kwa mujibu wa sheria ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965, kama ilivyorekebishwa mwaka 1975, takwimu za sensa ndizo zinazoamua ni kaunti zipi zitoe karatasi za kura kwa lugha nyingine. Cook imelazimika kuzitoa kwa Kihispania, Kichina na Kihindi.

Mwisho, mfasiri atazame mwaka wa jedwali kabla ya kuchagua neno. Mwaka 1930 “Meksiko” iliorodheshwa kuwa mbari, na katika sensa iliyofuata ikaondolewa. Kabla ya mwaka 2000 mtu hakuruhusiwa kuchagua mbari zaidi ya moja. Machi 2024 serikali ya Marekani ilitoa kanuni mpya zinazounganisha yale maswali mawili kuwa moja na kuwatenga watu wa Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini katika fungu lao wenyewe. Katika jedwali lililotengenezwa kwa kanuni hizo, Walatino wanasimama sambamba na Weusi na Weupe, na kichwa cha safu kitahitaji maneno yote mawili: “Mbari au asili ya kiutamaduni”.