Bangi, Panya wa Maabara na Illa ya Ulevi

 

Mzazi ana mtoto mwenye kifafa, na daktari anamtajia dawa itokanayo na mmea wa bangi. Je, ampe?

Maulamaa waliijua hashishi tangu zamani. Imamu Al-Qarafi (aliyefariki mwaka 684 Hijria), katika Al-Furuq, alitenganisha kinacholevya, kinacholaza na kinachoharibu akili. Hashishi akaiweka fungu la tatu: mlaji apewe taazir, si haddi, na wala si najisi. Ibn Taymiyya (728 Hijria) akasema bali ni kilevi kama khamri, na haddi inampasa. Kuwa ni haramu wameafikiana. Walichokhitalifiana ni sifa yake, yaani inamfanya nini mtu.

Wataalamu wa zama zetu wamelitazama suala hilo kwa wanyama. Mwaka 1964 Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni walikitenga na kukibainisha kiini cha bangi kiitwacho THC. Panya akidungwa kiasi cha kutosha, huonekana mambo manne: hupunguza kutembea, mwili hupoa, maumivu huyahisi kidogo, na akiwekwa juu ya pete ya waya hutulia hapo kama kigogo. Mwenye kukumbuka hadithi ya Ummu Salama katika Sunan ya Abu Dawud, iliyokataza kilevi pamoja na "muftir", yaani chenye kulegeza, hatashangaa. Kichache huweza kumchangamsha panya, lakini asijidanganye mtu kwa hilo: chenye kulevya kingi chake, kichache chake pia ni haramu.

Katika mmea huo huo imo CBD, nayo haileti mambo hayo manne. Lililonivutia zaidi ni hili. Panya hufunzwa kwamba akipewa THC, chakula hutoka kwa kubonyeza kitufe hiki. Asipopewa, hutoka kwa kile. Akishazoea, hupewa CBD, naye huendea kitufe cha asiyepewa THC. Mnyama asiye na ulimi ametoa ushahidi wa anachokihisi!

Bila shaka panya si mukallafu, wala hana swala ya kumpita. Ushahidi wake hautoi hukumu. Unatusaidia kuijua illa ilipo, na hukumu huizunguka illa yake. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya CBD iliyosafishwa kwa aina mbili za kifafa kikali, Dravet na Lennox-Gastaut. Dawa hiyo huleta usingizi kwa baadhi ya wagonjwa, lakini chenye kulaza si sawa na khamri, na Al-Qarafi mwenyewe aliruhusu kichache chake kisichogusa akili. Kwa hiyo, akiiandika tabibu mwaminifu, sioni kizuizi kwa mzazi yule.

Ama chupa za mafuta zinazouzwa ovyo, ambazo huenda zimechanganyika na THC, hizo ni shubha na ziepukwe. Na bangi ya kuvuta, THC imo ndani yake. Hukumu yake ni ile ile. Wallahu aalam.