Mkopo si zawadi: hesabu ya mwanafunzi wa Galula

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mzazi wa kijijini Galula aliyeuza mpunga wake anasikia kwamba Serikali inasomesha. Ni kweli, ila fedha za kusomesha ni za aina mbili.

Aina ya kwanza ni mkopo wa elimu ya juu wa Bodi ya Mikopo ya Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005. Bodi hulipa ada na posho ya kujikimu, ile ambayo wanafunzi wenyewe huiita bumu. Deni hili hulipwa. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi: kwenye shilingi 800,000 zinaondoka 120,000. Hadi 2021 deni lilikuwa likiongezwa asilimia 6 kila mwaka ili kulinda thamani ya fedha. Kuondolewa kwa tozo hiyo kuliwapunguzia wadaiwa mzigo mkubwa.

Aina ya pili ni ruzuku, fedha isiyorudishwa. Marekani, Pell Grant hutolewa kwa kuangalia hali ya familia. Kwetu, Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23, huwaendea waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Ni jambo jema, lakini kigezo chake ni ufaulu, na ufaulu wa sayansi unahitaji maabara na walimu wa fizikia, ambavyo shule ya mtoto wa maskini mara nyingi haina. Kwa hiyo mtoto wa maskini ndiye anayebaki na deni. Naona hapo pana pengo: ruzuku ingetazama pia hali ya kaya, hasa zile maskini ambazo Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) tayari unazitambua.

Hata huo mkopo una mlango mwembamba. Fungua bahasha ya kaki ya mwombaji: cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Maiko, cha kidato cha nne Michael. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na cha kifo pia kama mzazi amefariki. Kuna fomu ya kugongwa muhuri na serikali ya kijiji, kisha na hakimu au wakili. Kuna mdhamini na picha yake. Yote hayo hupakiwa mtandaoni kabla dirisha la maombi halijafungwa, na kurekebisha jina pekee kunaweza kula wiki kadhaa.

Mzazi mwenye mtoto kidato cha tano, toa vyeti sandukuni leo. Viweke pamoja, soma majina herufi kwa herufi, na kama yanatofautiana anza kuyarekebisha sasa, usingoje matokeo.