Mtani Huyo Kaburini

Msomaji, mfikirie kijana aliyezaliwa Dar es Salaam, anayesafiri hadi Kilwa kumzika babu yake, Mngindo. Kaburi limekwisha chimbwa. Ghafla mzee mmoja wa Kingoni anajitumbukiza shimoni, analala chali na kutangaza kwamba hatoki mpaka alipwe, kwani marehemu alikuwa mlafi na mdaiwa sugu. Kijana anakunja ngumi. Wazee wanamshika mkono huku wakicheka na machozi yakiwatoka. Wanatoa fedha kidogo, na maziko yanaendelea.

Huyo ni mtani. Katika karne ya 19 Wangoni waliwashambulia Wangindo; vita vilipokwisha, uadui uligeuzwa utani. Hata Reginald Moreau, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa elimu ya ndege pale Amani, Tanga, aliwaacha ndege wake kwa muda akaandika juu ya utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940.

Wataalamu wa mila huiita hii kanuni ya jamii: haikuandikwa popote, lakini anayeivunja huaibika. Mtani ana ruhusa ya kukukejeli hadharani, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Naye, kwa upande wake, haruhusiwi kukukimbia siku ya shida. Mara nyingi ndiye anayeshika jembe, ndiye anayewanyamazisha wafiwa, maana kwa mtazamo wa wazee hao msiba si wa ukoo mmoja.

Kijana wetu sasa ana deni. Siku mzee yule akifiwa, zamu ya kulala shimoni ni yake.