Serotonini: kwa nini si "homoni ya furaha"

Mkazi wa Ngagara, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, anayeandikiwa dawa ya sonona huenda akaelezwa kwamba dawa hiyo inahusu serotonini. Neno hilo halina kisawe cha Kiswahili kilichozoeleka, na mara nyingi hufasiriwa kuwa "homoni ya furaha". Tafsiri hiyo ni rahisi kukumbuka, lakini yaweza kumpotosha mgonjwa.

Jina lenyewe halikutokana na furaha. Mwaka 1948, watafiti wa Cleveland, Marekani, waliitenga kemikali hiyo kutoka katika damu, nao wakajua kuwa inabana mishipa. Wakaunganisha neno seramu, yaani majimaji ya damu, na neno linalomaanisha kukaza. Miaka michache baadaye, kemikali hiyo ilipatikana pia katika ubongo.

Humo ubongoni, serotonini hupitisha ujumbe kutoka seli moja ya neva hadi nyingine. Huchangia kuratibu hali ya moyo, usingizi na hamu ya kula. Hata hivyo, takriban asilimia 90 ya serotonini mwilini hutengenezwa katika utumbo, wala haivuki kuingia ubongoni. Ndizi, chakula kilichozoeleka nchini Burundi, ina serotonini, lakini kwa sababu hiyohiyo mlo wa ndizi si tiba ya sonona.

Mwaka 2022, mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa katika jarida la Molecular Psychiatry hayakupata ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na upungufu wa serotonini. Hiyo haina maana kwamba dawa hazifai. Fluoksetini, inayozuia serotonini kurudishwa haraka ndani ya seli iliyoitoa, huwasaidia wagonjwa wengi, ila nafuu yake huchukua wiki kadhaa.

Hapo ndipo tafsiri inapoweza kudhuru. Aliyeahidiwa furaha akaikosa kwa siku tatu huenda akaacha dawa. Kuiacha ghafla bila ushauri wa daktari kunaweza kuleta kizunguzungu, usingizi wa mang'amung'amu, hata kurudi kwa ugonjwa.

Kwa hiyo, "kemikali inayopitisha ujumbe kati ya neva" ni maelezo marefu, lakini ni ya kweli zaidi. Kwa wakazi wa Ngagara wenye maswali kuhusu dawa hizo, kituo cha magonjwa ya akili kipo katika mtaa jirani wa Kamenge.