Sakafu ya Juu ya Paa Sharti Ifunguke

Mwenye nyumba akishapata paa bapa la zege, haichukui muda kabla hajaanza kuliangalia kama sebule ya pili. Jua likipungua, kule juu kuna upepo na nafasi, ilhali eneo lote limeachiwa tangi la maji, dishi la televisheni na kamba ya kuanikia nguo. Ndipo anapokumbuka zile mbao za kijivu au za rangi ya kahawa alizoziona kando ya bwawa la hoteli, zisizopakwa rangi wala kuliwa na mchwa. Anauliza bei, anamtafuta fundi, na kabla ya masika kazi imeanza.

Ushauri wangu kwa kila anayetaka kufanya kazi hii ni mmoja: sakafu hiyo ijengwe kwa namna ambayo inaweza kufunguliwa, ubao kwa ubao, bila kuharibu kilicho chini yake. Chini ya mbao ndiko liliko paa lenyewe. Ndilo linalozuia mvua, nalo litahitaji kukaguliwa, kusafishwa na siku moja kuzibwa upya. Fundi asiyeliwaza jambo hilo tangu siku ya kwanza hukuachia sakafu nzuri iliyofunika tatizo.

Neno la tahadhari kabla hatujaendelea. Nyumba nyingi zinazoonekana bapa ukiwa barabarani si bapa. Nyuma ya ule ukuta wa ukingo kuna mabati yenye mwinamo mdogo. Juu ya mabati hapajengwi sakafu ya kukanyaga. Makala haya yanahusu paa la zege lenye nondo, yaani slabu.

Mbao za kompositi ni nini

Ubao wa kompositi, ambao madukani mara nyingi huitwa WPC, hutengenezwa kwa kuchanganya unga au nyuzi za mbao na plastiki, kisha mchanganyiko huo husukumwa ukiwa moto kupitia kinywa cha mashine ili upate umbo. Marekani ndiko soko lake lilikokua katika miaka ya 1990. Kampuni ya Trex, iliyojitenga na Mobil mwaka 1996, ilijijengea jina kwa kutumia plastiki chakavu na mabaki ya mbao. Huko mbao hizi zilikusudiwa hasa sakafu za uani, zinazosimama juu ya nguzo zenye udongo chini yake. Maji yakipenya katikati ya mbao, ardhi inayanywa. Juu ya paa la nyumba hakuna ardhi ya kuyanywa, bali chumba cha kulala cha watoto. Kwa hiyo maelekezo yanayokuja na boksi la mbao hayatoshi peke yake.

Ukiwa dukani, angalia mambo mawili. La kwanza, ubao umejaa au una matundu ndani? Ule wenye matundu ni mwepesi na wa bei nafuu, lakini maji huingia kwenye vichwa vyake na kukaa. Ukiuchagua, ziba vichwa vyote. La pili, je, una ganda la plastiki tupu, na ganda hilo linazunguka pande zote nne? Mbao nyingine zina ganda juu na ubavuni tu, upande wa chini uko wazi. Juu ya slabu, unyevu hukaa chini ya sakafu, na unga wa mbao hunywa maji hata ukiwa umechanganywa na plastiki. Katika hewa ya Pwani, upande ule wa wazi ndio unaoota ukungu.

Swali la kwanza ni uzito

Mbao za kompositi pamoja na mihimili yake ya alumini huongeza takriban kilo 25 hadi 40 kwa kila mita ya mraba. Huo si mzigo mkubwa. Tabaka la saruji la sentimita 5 peke yake, kabla hujaweka vigae, hupita kilo 100. Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni watu. Viwango vya Uingereza vya BS 6399, ambavyo wahandisi wa kwetu wamevitumia kwa miaka mingi, vilitenganisha paa lisilopandwa isipokuwa kwa matengenezo na paa linalokanyagwa: la kwanza kilonyutoni 0.6 kwa mita ya mraba, la pili 1.5. Hiyo ni sawa na kilo 60 dhidi ya kilo 150. Weka wageni 30 wa kipaimara au maulidi katika eneo la mita za mraba 20, na tayari umefika kilo 100 kwa mita, meza na viti havijahesabiwa. Ongeza tangi la lita 5,000, ambalo likijaa ni tani 5 za maji pekee.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mhandisi ni hili: slabu hii ilichorwa ibebe nini? Kama michoro ipo, atajibu kwa haraka. Kama haipo, itabidi apime unene na kutafuta nondo zilivyopangwa.

Wenye nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar wawe waangalifu zaidi. Mapaa yao bapa yamebebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio ulioamua upana wa vyumba, kwa kawaida chini ya mita 3. Boriti hizo mara nyingi huoza kichwani, pale zinapoingia ukutani, mahali pasipoonekana. Tena miji hiyo ni urithi wa dunia, kwa hiyo kibali hutangulia nyundo.

Maji kwanza, mbao baadaye

Slabu nzuri haiko sawasawa kabisa. Ina mwinamo unaopeleka maji kwenye matundu ya kutolea. Kipimo cha chini kinachokubalika baada ya kazi kukamilika ni 1 kwa 80, yaani milimita 12.5 kwa kila mita. Paa la urefu wa mita 6 basi litashuka milimita 75 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kama maji yanatuama siku mbili baada ya mvua, rekebisha mwinamo kwanza. Sakafu ya mbao itaficha dimbwi, haitaliondoa.

Juu ya mwinamo huja tabaka la kuzuia maji. Matabaka hayo ni ya aina nyingi: karatasi nzito ya lami inayobandikwa kwa moto wa gesi, rangi nzito za mpira zinazopakwa kwa brashi, na mchanganyiko wa saruji na kemikali. Lolote utakalochagua, lipande ukutani hadi angalau milimita 150 juu ya uso wa sakafu mpya. Hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea hesabu. Wakiweka sakafu inayonyanyuka milimita 120 kutoka kwenye slabu, tabaka linapaswa kupanda milimita 270 ukutani. Likiishia 150 kutoka kwenye slabu, zinabaki milimita 30 tu juu ya sakafu, na mvua ya upepo ina njia ya kuingilia.

Kabla ubao wa kwanza haujapandishwa juu, fanya jaribio la maji. Ziba matundu ya kutolea, jaza maji, kisha chora mstari wa penseli ukutani pale uso wa maji ulipofika. Acha saa 48. Jua letu hukausha milimita chache kwa siku, hilo ni la kawaida. Mstari ukiachwa mbali zaidi ya hapo, au doa likatokea kwenye dari ya chini, hasa kuzunguka taa, tabaka linavuja. Kumbuka kwamba paa la mita za mraba 40 lenye kina cha wastani cha sentimita 5 limebeba tani 2 za maji, kwa hiyo mhandisi alikubali jaribio hilo kwanza, au lifanywe kipande kwa kipande.

Miguu isiyotoboa

Sasa tunafika penye kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko yote. Fundi aliyezoea kufunga mihimili kwenye zege huchukua drili, akakuambia, "Hapa bosi tunatoboa kidogo tu, tutaziba na silikoni." Mkatalie. Kila tundu lililotobolewa kwenye tabaka la kuzuia maji ni njia mpya ya maji, na silikoni hiyo itakuwa gizani chini ya mbao, mahali ambapo hakuna atakayeiona ikiachana na chuma.

Njia sahihi ni miguu ya plastiki ngumu inayozungushwa kupanda na kushuka. Mguu hukaa juu ya tabaka bila skrubu yoyote kwenda chini, huku chini yake kukiwa na kipande cha mpira au kitambaa kizito cha kulinda tabaka lisichubuke. Uliza kama mpira huo unapatana na tabaka lako, maana plastiki ya PVC ikikaa juu ya lami moja kwa moja huharibika kwa kupoteza kemikali zinazoilainisha. Kwa kuzungusha miguu, fundi hufuta zile milimita 75 za mwinamo: miguu ya upande wa juu anaifupisha, ya upande wa chini anairefusha, hadi pimamaji ikae katikati. Sakafu inakuwa sawa, na chini yake maji yanaendelea kuteremka.

Juu ya miguu hulazwa mihimili ya alumini. Mihimili ya mbao haifai hapa. Kivuli na unyevu vya chini ya sakafu vitaiozesha huku mbao za juu zikiwa bado mpya. Umbali kati ya mhimili na mhimili, katikati hadi katikati, kwa kawaida hauzidi milimita 400, na kwa mbao zenye matundu mara nyingi ni 300. Fuata karatasi ya mtengenezaji. Ukibana pesa hapa, mbao zitabonyea kwenye joto. Kwa nyumba zilizo karibu na bahari, skrubu na klipu ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Zile za kupakwa zinki hazidumu kwenye upepo wa chumvi.

Ubao hutanuka

Ubao wa kompositi hutanuka kwa urefu kuliko mbao za kawaida. Ubao wa mita 3.6 uliofungwa asubuhi ukiwa na nyuzi joto 25, ukafika nyuzi 65 saa nane mchana, unaweza kurefuka milimita 5 hadi 7. Ukibanwa vichwa kwa vichwa, utainuka katikati au kung'oa klipu. Acha nafasi anayoitaja mtengenezaji kwenye maungio, na kiasi cha milimita 10 kila ubao unapokutana na ukuta. Kila ubao uwe na sehemu moja tu iliyokazwa kabisa. Kwingine klipu ziushike huku zikiuruhusu uteleze.

Joto hilo hilo huamua rangi. Mbao nyeusi kwenye jua la Februari hazikanyagiki kwa miguu mitupu. Chagua rangi nyepesi, na weka kivuli mahali watoto wanapocheza.

Usiweke jiko la mkaa juu ya mbao hizi. Plastiki ya poliethilini huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, na kaa moja la moto lina joto la mara kadhaa ya hilo. Tenga pembe ya vigae kwa ajili ya kuchoma nyama.

Kingo, mlango na upepo

Ukinyanyua sakafu, umefupisha ukuta wa ukingo. Ukuta wa milimita 1,100 unabaki na 980 baada ya sakafu ya milimita 120, na mtoto hupimwa na kile kilichobaki. Pima kutoka pale mguu unapokanyaga, kisha ongeza reli hadi 1,100. Mlangoni, sakafu isipande kupita kizingiti. Acha hapo mfereji wenye wavu, maji yadondoke chini badala ya kuingia ndani.

Sakafu isiyotobolewa hushikiliwa na uzito wake, kwa hiyo mihimili yote iunganishwe iwe fremu moja, na kingo zisiachie upepo mlango wa kuingilia chini. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024 kilitukumbusha kwamba Pwani yetu haina kinga dhidi ya upepo mkali. Kwa jengo refu au lisilo na ukuta wa ukingo, mhandisi apige hesabu ya upepo.

Usafi wa chini

Kila tundu la kutolea maji liwe na ubao unaofunguka juu yake. Mvua ya milimita 40 juu ya mita za mraba 50 ni lita 2,000, na majani machache ya mwarobaini yanatosha kuzirudisha nyuma. Weka pia mdomo wa dharura kwenye ukuta wa ukingo, chini kidogo ya kizingiti cha mlango, ili tundu likiziba maji yatokee nje mtu ayaone.

Maji yanayobaki chini ya mbao yana hatari nyingine. Mbu wa Aedes, yule mwenye madoa meupe anayeuma mchana, huhitaji dimbwi dogo na siku zinazokaribia kumi ili yai liwe mbu kamili. Ndiye anayeeneza dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Fungua, fagia na umwagilie maji chini ya sakafu kabla ya masika na kabla ya vuli.

Hayo yote hayana maana kama sakafu haifunguki. Kwa hiyo liandike sharti hilo kwenye mkataba, na uzuie malipo ya mwisho hadi lithibitike. Siku ya makabidhiano mwambie fundi afungue mbao zilizo juu ya tundu la kutolea maji, kisha nyingine tatu popote utakapochagua wewe. Atumie bisibisi peke yake, asivunje klipu, na azirudishe zilivyokuwa. Akiweza, mlipe na umshukuru. Akianza kutafuta nyundo, kazi bado haijaisha.