Kiongozi wa Kambi Hafanywi kwa Filimbi

Watu wengi hudhani kwamba kuongoza kambi ya vijana ni kazi nyepesi: mtu huvaa skafu, hupewa filimbi, kisha huamuru. Lakini mzazi wa Sagalla au Taveta anayemruhusu mwanawe kulala nje ya nyumba yake juma zima ameweka amana kubwa mikononi mwa mtu ambaye pengine hamjui. Amana hiyo haitunzwi kwa filimbi.

Jambo hili lilifahamika tangu siku za kwanza za Uskauti. Mwezi wa Agosti 1907, Baden-Powell alipiga kambi katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, pamoja na wavulana wapatao 20, wengine wana wa matajiri na wengine wana wa wafanya kazi. Aliwagawanya katika vikosi vinne, na kila kikosi kikaongozwa na mvulana mmoja miongoni mwao. Chama kilipoenea, walihitajiwa watu wazima waliofunzwa. Basi mwaka 1919 mafunzo ya viongozi yalianzishwa Gilwell Park, karibu na London. Waliofuzu walipewa shanga mbili za mti wazivae shingoni, na desturi hiyo ingali ipo, hata Kenya, ambako Uskauti uliingia mwaka 1910. Mwaka 1966 Kenya ilianzisha pia mpango wa tuzo ambao baadaye uliitwa Tuzo ya Rais. Kijana hupata shaba, fedha au dhahabu kwa huduma, ustadi, mazoezi ya mwili na safari ya porini. Na safari hiyo nayo yataka kiongozi.

Taita Taveta ni shule nzuri ya kazi hii, kwa kuwa haimsamehe mzembe. Voi ni nchi ya jua kali na udongo mwekundu, jirani na mbuga ya Tsavo iliyotengwa mwaka 1948. Lakini ukipanda milima ya Taita wakuta ukungu na baridi, na kilele cha Vuria chapita meta 2,200. Anayewatoa vijana Voi asubuhi ili walale Wundanyi hana budi kufikiri habari ya maji ya mchana na mablanketi ya usiku kabla mizigo haijafungwa.

Kwa hiyo mafunzo yake huanza na mambo madogo. Huhesabu vijana kabla ya kulala na baada ya kuamka. Huhakikisha kwamba maji ya kunywa yamechemshwa, choo kimechimbwa mbali na kisima, na mabaki ya chakula hayaachwi nje, maana nyani na ndovu hunusa mbali. Mtoto akiumwa na nyoka, kiongozi hachanji jeraha wala hafungi kamba. Humtuliza, huzuia kiungo kisitikisike, na kumpeleka hospitali upesi. Tena hakai peke yake hemani na mtoto hata mmoja. Daima huwapo mtu mzima wa pili, ili mtoto awe salama na mzazi asiwe na shaka.

Somo lililo gumu kuliko yote ni kunyamaza. Kikosi kikishindwa kuwasha moto, kiongozi asiye na mafunzo huwanyang'anya kiberiti akawasha mwenyewe. Aliyefunzwa hungoja, kuni mbichi zitawafundisha. Lakini akiona hatari, hangoji hata kidogo. Kuzitambua saa hizo mbili ndio uongozi wenyewe.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Lakini mkunjaji naye yafaa awe amejifunza, asije akamvunja. Basi, mzazi anapoletewa barua ya kambi, asiulize ada peke yake. Na aulize pia: ni nani atakayewaongoza watoto, naye alifunzwa wapi?